Shanga za Gari

Huku Kitchener, Ontario, ukingo wa tairi,
ule unaong'ata rimu, kwa lugha yao huitwa ushanga.
Siku ya kwanza nilicheka peke yangu
mbele ya mashine ya kusokota waya.
Verna Brubacher akaniuliza, kuna nini?
Ningemwelezaje?
Kwetu shanga hukaa kiunoni, chini ya kanga:
mvaaji huzisikia, mwenye nyumba huzihesabu,
mpita njia hana habari nazo.

Mama kwenye simu: "Magari nayo yanavaa?"
Yanavaa, Mama. Mbili mbili kila gurudumu,
mmoja upande wa ndani, mmoja wa nje.
"Na anayezivua ni nani?"
Akacheka mpaka vocha ikaisha.

Ndiyo kazi yangu.
Waya mwembamba uliopakwa shaba
(shaba si urembo, ndiyo inayokubaliana na mpira)
unazunguka, unarudi, unapanda mgongoni mwa mwenzake
hadi liwe fundo la pembe sita.
Juu yake naegemeza kabari ya mpira mgumu,
halafu kitambaa cha nyuzi kinapita chini, kinajikunja,
kinaufunika waya gubigubi.
Enzi za tyubu, hewa ilikuwa na mfuko wake.
Sasa mfuko hakuna.
Kati ya pumzi ya gari na dunia nzima
kuna mdomo wa mpira uliobana chuma, basi.

Januari. Nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.
Tairi nne tulizijaza jioni, zikalala uani.
Asubuhi tatu zimesimama, moja imepiga magoti.
Si msumari. Si vali.
Tukapaka maji ya sabuni, yakaganda kabla ya kutoa povu.
Tukaiingiza ndani, ikapata joto, ikaacha kuvuja,
ikatutazama kama mtoto
anayepona homa akifika mlangoni kwa daktari.

Niliikata kwa msumeno.
Kosa lilikuwepo, na mwandiko ulikuwa wangu.
Nilipenda nguvu: nikaongeza tabaka la nyuzi za chuma,
nikairefusha kabari, na ncha zote
nikazikatisha mahali pamoja, zimepanga mstari
kama askari wa gwaride.
Hapo ndipo ufa ulipoanzia, mwembamba kama unywele.
Na chini yake, ule mdomo niliouzidishia ugumu
ulikakamaa kwa baridi, ukakataa kulala juu ya chuma.
Kamba hukatikia pabovu, wanasema.
Hii ilikatikia pazuri,
pale pale nilipokaza zaidi.

Wiki tatu nikifuta na kuchora.
Ncha hii ishuke milimita sita, ile ipande nane,
ya tatu ififie polepole, isijulikane inapoishia.
Mdomoni mpira laini, unene wa ukucha.
Verna akasema: unaipunguzia nguvu.
Nikamjibu: naipunguzia kiburi.
Hakucheka. Kiburi hakina kipimo, akasema,
andika namba.
Nikaandika namba.

Tuliipandisha kwenye rimu theluji ikimwagika.
Hewa ikaingia, kingo zikatambaa,
zikafika kwenye kile kivimbe cha chuma, zikasita.
Pa!
Tukangoja. Dwight Eby alikuwa ameshika kofia yake
kama mtu aliye msibani.
Pa! ya pili.
Akaivaa, akaenda kula.

Usiku ikalala nje.
Kabla ya chai nilikwenda na geji, viatu havijafungwa.
Upepo ulikuwa umepungua kidogo,
maana baridi hula hewa ya kila mtu,
lakini sawasawa na wenzake watatu, hata nukta haikuzidi.
Nilisimama pale hadi vidole vikanisahau.

Mama amewatangazia majirani
kwamba mwanawe Kanada ana duka la shanga.
Sijamsahihisha.
Jana kaleta ujumbe: nimtumie za buluu,
zile ndogo, zisizolia sana.